Rundo la mawe juu ya Mwamgongo

Leo sina bajeti ya kukuchambulia wala mgeni wa kitaifa wa kumpokea uwanja wa ndege. Leo naomba tupande mlima. Na kama magoti yako ni kama yangu, usiwe na wasiwasi, tutapumzika mara tatu njiani.

Tangu Dakta Jane Goodall alipofariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91, magazeti na televisheni za dunia zimerudia picha ile ile. Binti wa Kiingereza wa miaka 26, ameketi peke yake juu ya mlima pale Gombe, darubini mkononi, anawatazama sokwe. Alifika tarehe 14 Julai 1960 pamoja na mama yake. Kilima alichokichagua kwa kutazamia akakiita Kilele, akapandisha huko sanduku la bati lenye birika, kahawa na blanketi ili akichelewa alale huko huko. Mwaka huo huo wa 1960 akamwona sokwe dume, ambaye alimpa jina la David Greybeard, akivua mchwa kwa kijiti, na wataalamu wakalazimika kuandika upya maana ya mtu na maana ya chombo.

Kilele hicho nimewahi kukipanda. Unalipa kiingilio cha hifadhi, unapewa mwongozaji, na ukifika juu unaliona ziwa lote limelala chini yako. Sikisemi vibaya. Ila kila ninapoona picha ile, macho yangu hutoka pembeni mwa picha, kuelekea kaskazini, kwa sababu najua kuna nini upande ule. Upande ule kuna Mwamgongo, alikozaliwa mama yangu.

Kwa wasiopajua: ukitaka kwenda Mwamgongo unakwenda Kibirizi, kando ya mji wa Kigoma, unapanda boti ya mbao yenye injini nyuma, pamoja na magunia, magodoro, kuku na akina mama wenye mizigo yao. Boti inafuata ufuko kwenda kaskazini. Unapita vijiji, unapita Mtanga, kisha milima inakuwa ya kijani hadi majini. Hiyo ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Gombe, pori la akiba tangu mwaka 1943 na hifadhi ya taifa tangu 1968, kiasi cha kilomita za mraba 35 tu za nchi kavu. Abiria waliokuwa wanapiga soga hunyamaza kidogo hapo, sijui kwa nini. Halafu ghafla miti inakwisha, mabati yanang'aa, watoto wanaogelea. Umefika. Mpaka wa hifadhi na kijiji huhitaji ramani kuuona.

Sasa, kabla hatujaanza kupanda, nina kisa. Jane mwenyewe alikisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1971, In the Shadow of Man. Alipofika mwaka 1960 wavuvi na wakazi wa ufuko ule hawakumwamini. Watu walikuwa na matumaini ya kurudishiwa ardhi ile iliyofanywa pori la akiba, na hapa anakuja Mzungu na daftari la kuhesabia wanyama. Akiandika kwamba wanyama ni wengi, serikali ya mkoloni itakuwa na sababu ya kuendelea kuikalia ardhi. Basi ikakubaliwa kwamba mtoto wa chifu wa Mwamgongo afuatane naye, ili akimwona sokwe mmoja asije akaandika kumi au ishirini.

Siku ikafika. Yule kijana akauliza wanakwenda wapi. Akaonyeshwa milima. Mara akasema hajisikii vizuri, na hakuonekana tena. Baadaye alikiri kwamba alidhani sokwe watahesabiwa kutoka ndani ya mtumbwi.

Nilipokisimulia kisa hicho kwa mjomba wangu, nilitegemea atacheka. Alicheka kweli, mpaka akafuta machozi. Kisha akasema, "Lakini mpwa wangu, yule kijana angepanda ule mlima, tungekuwa na daftari letu."

Neno hilo lilinikaa. Ndiyo maana Julai 2024, nikiwa likizoni, nilimwomba mjomba anipandishe mlima wa nyuma ya kijiji, hadi lilipokuwa shamba la bibi.

Mwezi huo kijiji kilikuwa kimya kupita kawaida. Serikali ilikuwa imelipumzisha ziwa, hakuna kuvua tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Vipe vilikuwa vimefungwa mwaloni, wanaume wameketi wanashona nyavu ambazo hazikuwa zimechanika. Dagaa na migebuka vimepungua, hilo kila mvuvi analikiri, ingawa ukimuuliza nani kawamaliza atakuonyesha mtumbwi wa mwenzake. Aidha, tangu mwaka 2020 maji ya Ziwa Tanganyika yamekuwa yakipanda, na ukanda mzima wa Kigoma watu wamezisogeza nyumba zao nyuma. Kwa Mwamgongo, nyuma ni mlimani. Na mlimani nako, kama utakavyosikia, kuna mpaka.

Tuliondoka alfajiri. Jirani mmoja akatusalimu "Mwakeye," akauliza tunakokwenda, akamtazama mjomba, akanitazama mimi na kitambi changu, akasema tu, "Haya, Mungu awatangulie." Mjomba ana miaka zaidi ya sabini. Alivaa kandambili.

Njia inaanzia nyuma ya nyumba za mwisho, katikati ya michikichi. Baada ya michikichi ni mihogo, mashamba yaliyosimama wima kiasi kwamba unashangaa mkulima anajishikilia wapi. Ziwa liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mgongo wa milima ile unapita mita 1,500. Piga hesabu mwenyewe: ni kama kupanda ghorofa mia mbili na zaidi, bila ngazi wala lifti. Tulipokuwa tunapumzika mara ya kwanza, mimi nikihema kama samaki aliyetupwa nchi kavu, akina mama wawili walitupita na beseni za dagaa wakavu kichwani, wanapeleka vijiji vya juu upande wa pili. Walikuwa wanazungumza. Wanapanda na kuzungumza!

Juu ya mihogo mabadiliko yakaanza. Kwanza visiki vilivyochipua, kila kisiki na fito zake nne tano. Halafu miti ya ukubwa wa mkono, halafu ya ukubwa wa paja. Miombo ina tabia hiyo njema, ukiikata na kuiacha bila kuichoma moto kila mwaka, inarudi yenyewe kutoka kwenye mizizi. Chini ya miti kulikuwa na majani makavu, na katika korongo la kushoto nikasikia maji. Nikamwambia mjomba, mbona utotoni sikuwahi kusikia maji hapa Julai? Akasema, "Utotoni ulikuwa unasikia jembe."

Hapo inanibidi nikiri jambo, msikilizaji. Likizo za shule ya msingi nilikuwa naletwa Mwamgongo kwa bibi. Nikiwa na miaka saba au minane nilipanda mlima ule nikiwa na kidumu cha maji, na kazi yangu huko juu ilikuwa kuokota mawe. Ardhi ile ina mawe kuliko udongo. Bibi alikuwa analima, jembe linagonga jiwe, analing'oa, mimi nalibeba hadi katikati ya shamba na kulitupa juu ya rundo. Kwa hiyo ninaposoma kwamba milima ya pembezoni mwa Gombe ilinyolewa msitu, ninajua wanyoaji ni akina nani. Wapo waliolinganisha picha za setilaiti za mwaka 1972 na za mwaka 1999. Katika ya kwanza Gombe huioni mwanzo wala mwisho, msitu umeendelea tu. Katika ya pili Gombe ni kisiwa cha kijani kilichozungukwa na udongo mtupu. Mahali fulani katika udongo huo mtupu lipo shamba la bibi yangu, na mawe niliyoyarundika mimi.

Alifanya hivyo kwa uharibifu? La hasha. Bibi alikuwa na watoto tisa na uwanda usiozidi hatua chache kati ya ziwa na mlima. Kusini kuna hifadhi. Kaskazini kuna Burundi, na kila Burundi ilipowaka moto watu walikuja upande huu wakihitaji kuni na chakula kama binadamu mwingine yeyote. Ungekuwa wewe ungelima wapi?

Tulifika saa nne na nusu hivi. Mjomba akaingia kichakani pembeni mwa njia, akapotea, nikasikia, "Liko hapa."

Rundo lilikuwa linanifikia kifuani. Mawe ya kijivu yenye kutu ya ukungu, na katikati yake mti umeota ukayasukuma mengine yakaporomoka. Hatua chache pembeni kulikuwa na mafiga matatu ya kibanda cha bibi, bado meusi upande wa ndani. Kibanda hakipo, mihogo haipo, kuna msitu mchanga tu pande zote, na ndege. Kama ningepita mwenyewe ningedhani nimegundua kaburi la watu wa kale.

Na hakika duniani kuna watu wanaosafiri mbali kwa ajili ya marundo ya mawe. Huko Ireland, juu ya bahari, upo mlima uitwao Knocknarea, wenye rundo la mawe la miaka inayokadiriwa kuwa elfu tano, halijafukuliwa mpaka leo, na wapandaji wanaombwa wasiguse hata jiwe moja. Hapa kwetu, ndani ya Kreta ya Ngorongoro, yako marundo ya mawe yaliyofunika makaburi ya wafugaji wa kale. Louis na Mary Leakey walifukua baadhi mwaka 1941. Huyo Louis Leakey ndiye aliyekuja kumtuma Jane Gombe. Hapo nikajiwa na fikra ya kipuuzi kwamba miaka elfu tano ijayo profesa fulani atalifukua rundo la bibi, aandike kwamba lilikuwa la ibada.

Mjomba alikaa juu yake, akafungua kifuko. Ugali wa muhogo, sombe, na mgebuka mmoja mkavu wa akiba ya Aprili. Tukala.

Kutoka pale unaliona ziwa kama ambavyo wa bondeni hawalioni. Ng'ambo ni milima ya Kongo, na kaskazini-magharibi rasi ya Ubwari imejichomoza majini kama kidole. Katika milima ile ya ng'ambo Che Guevara alikaa miezi saba mwaka 1965, akitokea Kigoma na kurudi Kigoma. Ukigeuka kaskazini unaona ufuko unavyojikunja kuelekea Kagunga na mpakani, ambako Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walirundikana ufukoni, kipindupindu kikawaingia, na meli ya Liemba ikawa inawahamisha kwa mafungu kuwaleta Kigoma. Na ukigeuka kusini, bega kwa bega, ni msitu wa Gombe. Bonde la kwanza lile ni la sokwe wanaoitwa kundi la Mitumba, majirani wa Mwamgongo kabisa. Miaka ya 1960 Gombe ilikadiriwa kuwa na sokwe kama 150. Siku hizi hukadiriwa kuwa mia moja hivi.

Nikamuuliza mjomba, shamba lilikwisha vipi? Walimfukuza?

Alikaa kimya mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Nilinyoosha mkono."

Ilikuwa hivi. Mradi wa TACARE, ulioanzishwa mwaka 1994 na taasisi ya Jane Goodall, ulikuja na miche, mikopo midogo ya akina mama, afya na maji, kwa sababu waliona huwezi kumwambia mwenye njaa habari za sokwe. Miaka ya 2000 vijiji vya ukanda ule vikaanza kupanga matumizi ya ardhi yao. Sheria ilikuwepo: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakipa kijiji chenyewe, kupitia mkutano wake, uwezo wa kutenga msitu wake. Mkutano ukaitwa. Ramani ikatandikwa. Migongo ya juu, ikasemwa, iachwe ipumzike, maana mvua ikinyesha mlima mtupu unateremka na udongo na mawe hadi vitandani mwa watu. Hilo halikuhitaji mtaalamu, kila mtu alikuwa amelala usiku akilisikiliza. Anayekubali anyooshe mkono. Mjomba akatazama ramani, akaona shamba la mama yake liko ndani ya mstari, akanyoosha mkono.

"Ulijuta?"

"Mwaka wa njaa nilijuta. Nikisikia yale maji korongoni sijuti. Sasa we andika lipi?"

Ninaandika yote mawili, mjomba.

Maana tusidanganyane, ndugu msikilizaji. Kuna namna ya kusimulia habari za Gombe inayomfanya mwanakijiji kuwa adui wa msitu aliyeelimishwa akatubu. Mjomba hakutubu. Alitoa. Na majirani wa sokwe wana kumbukumbu zao ambazo hazimo katika picha za Kilele. Nyani wa hifadhini hawajui mpaka, wanakula mihogo. Mwaka 2002 sokwe dume maarufu, Frodo, alimpora mtoto mchanga mikononi mwa mtu ndani ya hifadhi na kumuua. Wakubwa wa sayansi walieleza kwamba sokwe huwinda nyama, na ndivyo ilivyo. Akina mama wa Mwamgongo nao walieleza, kwa maneno machache zaidi.

Tukiwa bado tumekaa, miguu ikasikika kwenye majani. Kijana wa kijiji, mmoja wa walinzi wa msitu, ana panga na simu ya kupangusa. Akamwamkia mjomba shikamoo kwa adabu, kisha akaniuliza mimi, kwa adabu kidogo kuliko ile, ninafanya nini msituni. Nilifurahi kuulizwa. Akatuonyesha kazi yake. Anatembea migongo ile, na kila anapokuta kisiki kibichi, mtego, alama ya moto, au kiota cha sokwe juu ya mti, anabonyeza simu. Simu inachukua mahali penyewe na saa yenyewe. Viota vya sokwe nje ya hifadhi, msikilizaji, ndani ya msitu wa kijiji!

Mjomba akaniangalia. Nilijua anafikiria nini. Daftari ndilo hili, limechelewa miaka sitini na kitu.

Basi nikamuuliza yule kijana swali la kizamani la mwandishi wa habari: unalipwa nini? Akacheka kama watu wanavyocheka wakiulizwa jambo la ndani. Akasema ana mihogo, na baba yake ana mtumbwi, ila ziwa limefungwa.

Hapo ndipo ninaposimama katika mazungumzo ya leo. Mtalii anayepanda Kilele analipa langoni, na ni haki alipe. Msitu wa Mwamgongo hauna lango. Lakini sokwe wa Mitumba, kundi dogo lililobanwa pembeni mwa hifadhi ndogo, hawawezi kudumu vizazi vingi katika kilomita za mraba 35 bila miti ya jirani, na miti ya jirani ni ile iliyoota juu ya shamba la bibi yangu. Kama msitu ule ni muhimu kwa dunia, kama tulivyoambiwa katika salamu zote za rambirambi za Oktoba 2025, basi yule kijana mwenye simu anastahili ujira wa kila mwezi unaojulikana, uliomo katika bajeti, si posho ya semina. Na njia ile ya mlima kijiji kingeweza kuifanya yake: wageni wapandishwe na vijana wa Mwamgongo, walipe Mwamgongo, wale sombe ya Mwamgongo, waonyeshwe ziwa. Uzuri wa mandhari yale hauzidiwi na Kilele. Mimi nimepanda vyote viwili kwa magoti haya.

Wapo watakaosema kijiji kikipata fedha viongozi watazila. Huenda. Fedha huliwa hata pale zinapopitia kwenye lango lenye geti la chuma, na hatujawahi kusikia mtu akipendekeza lango hilo livunjwe kwa sababu hiyo.

Kabla hatujaachana, yule kijana alitaka kuliandika rundo letu. Akapekua simu yake: kisiki, mtego, moto, tanuri la mkaa, mnyama, kiota. Rundo la mawe halikuwemo. Akamuuliza mzee, hapa niandike nini?

Mjomba alikuwa anakusanya mifupa ya mgebuka na kuifunga kwenye jani.

"Andika hapo palikuwa na shamba," akasema. "Na jina la mwenye shamba, kama lina nafasi."

Akamtajia. Kijana akaliandika, akaturuhusu tuteremke, akatuonya kwamba mteremko unaumiza magoti kuliko mwinuko. Alikuwa na haki, na leo ni mwaka wa pili bado nayasikia.